MZIGO WA MAKAA NA MZIGO WA URANI

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya wafanya kazi wa reli mbele ya mkutano wa wanachama, Kilifi)

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wanachama, mama zetu na baba zetu, na ninyi wavuvi mliokuja kutusikiliza,

Sisi ni wafanya kazi wa reli. Nyumbani kwetu ni Kilifi na Malindi, lakini riziki twaitafuta Mariakani, Mazeras na Mombasa. Wenzetu wa Malindi hututania kila siku kwamba twajisifia reli ambayo haijafika kwao. Ni kweli. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilielekea bara, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na pwani yetu ya kaskazini ikaachiwa barabara. Lakini mzigo ni mzigo, na mtu aliyezoea mizigo hawezi kusikia watu wakibishana juu ya uzito akanyamaza.

Mabishano yenyewe mnayajua. Tangu serikali ilipoitaja Uyombo kuwa mahali pa kujengwa kituo cha umeme wa nyuklia cha megawati 1,000, hakuna kibanda cha chai kilichotulia. Mmoja husema kipande cha urani kiasi cha ncha ya kidole chashinda tani nzima ya makaa ya mawe. Wa pili hucheka, asema hizo ni hadithi za sungura na fisi. Wa tatu hunywa chai yake, kisha auliza: kama kitu chenyewe ni kidogo hivyo, kwa nini watu wa Uyombo waliandamana mwezi wa Mei 2024, na polisi wakaja kuwatawanya kwa nguvu?

Mwaka 2025 serikali iligeuza macho ikaitazama Siaya, kando ya Ziwa. Wako wasemao kwamba kwetu jambo limekwisha. Sisi hatusemi hivyo. Mtu wa Siaya ni mfanya kazi mwenzetu, naye ana ziwa na nyavu kama sisi tulivyo na bahari na nyavu. Na jambo lililoondoka kwa barua laweza kurudi kwa barua. Basi leo twataka kuwajibu wale watu watatu wa kibandani. Hatutawajibu kwa hasira. Tutawajibu kwa hesabu, maana wengi wetu tulisoma shule za misheni, na kama kuna kitu tulichofundishwa vizuri huko ni kujumlisha na kugawanya.

HESABU YA TANURU

Wazee wetu wa magari ya moshi walianza kwa kuni na makaa ya mawe. Baadaye yakaja mafuta, na zile injini kubwa za Garratt za daraja la 59, zilizoletwa kuanzia mwaka 1955, zilichoma mafuta. Fayamani wa makaa aliujua uzito wa moto kwa mgongo wake. Kila mlima ulikuwa na idadi yake ya mabeleshi.

Makaa yakiungua, kaboni iliyomo huungana na hewa, ndipo joto hutoka. Kilo moja ya makaa mazuri hutoa kama megajuli 24. Asiyejua megajuli na afikiri hivi: kama joto lote lingetumika bila kupotea, kilo hiyo moja ingechemsha zaidi ya lita 70 za maji ya kisima, yaani madumu matatu na nusu ya lita 20. Si haba.

Urani haiungui. Hapo ndipo wengi hukosea. Ndani ya kila atomu kuna kiini. Kiini cha namna moja ya urani, iitwayo urani 235, kikigongwa na chembe ndogo iitwayo nyutroni, hupasuka vipande viwili. Kikipasuka hutoa joto, na hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo huenda kugonga viini vingine. Katika bomu mambo hayo huachwa yaende mbio bila breki. Katika kinu cha umeme huwekwa fimbo za kumeza nyutroni, nazo ndizo breki. Baada ya hapo hakuna ajabu tena. Joto huchemsha maji, mvuke husukuma tabini, tabini huzungusha jenereta. Ni lile lile gari la moshi, ila tanuru ni jingine.

Sasa tupime. Kilo moja ya urani 235, kama viini vyake vyote vingepasuka, ingetoa joto la tani kama 3,000 za makaa. Yaani kilo moja hushindana na kilo karibu milioni 3. Lakini tusishangilie mapema. Katika urani itokayo ardhini, hiyo 235 ni kidogo sana: katika kilo 1,000 mna kilo 7 tu. Nyingine, karibu yote, ni urani 238, ambayo haipasuki kwa urahisi. Kwa hiyo kilo moja ya urani kama ilivyochimbwa, ikiisha kutengenezwa na kutumiwa katika kinu cha kawaida, hutoa kama megajuli 500,000. Gawanya kwa 24, wapata zaidi ya 20,000. Kilo moja ya urani ni tani 20 za makaa.

Basi yule mtu wa kwanza hakudanganya. Kidonge kimoja cha kinu, cha kadiri ya ncha ya kidole, husimama mahali pa tani moja hivi ya makaa. Na aliyecheka na anyamaze kidogo.

HESABU YA MABEHEWA

Sasa tuitazame hesabu hiyo kama watu wa reli. Kituo cha makaa cha megawati 1,000 kikifanya kazi mwaka mzima hula kama tani milioni 3. Gawanya kwa siku 365, ni tani 8,200 kwa siku. Tuseme behewa moja labeba tani 60: ni mabehewa 137. Tuseme treni moja ina mabehewa 50: ni karibu treni tatu kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo, na treni tatu tupu za kurudi.

Kinu cha nyuklia cha nguvu hizo hizo hula kama tani 25 za mafuta yake kwa mwaka. Tukiacha uzito wa makasha yake, hiyo ni chini ya nusu ya behewa moja. Si kwa siku, ndugu. Kwa miezi kumi na miwili.

Tusifichane. Tulipoifanya hesabu hii mara ya kwanza, baadhi yetu tulihuzunika. Treni tatu kwa siku ni madereva, mafundi wa breki, watu wa yadi, makarani, mama wauzao chakula stesheni. Nusu behewa kwa mwaka si kazi ya mtu yeyote. Wako waliosema: chama cha reli na kisimame na makaa, kwa kuwa makaa ndiyo yenye mzigo.

Twaliheshimu neno hilo, maana lilisemwa na watu wenye watoto shuleni. Lakini hatukubaliani nalo, na sababu zetu ni mbili. Ya kwanza iko Lamu. Kituo cha makaa cha megawati 1,050 kilitakiwa kujengwa Kwasasi. Watu wa Lamu walikwenda mbele ya baraza la mazingira, na mwezi wa Juni 2019 leseni ya kituo ikafutwa, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Rufani ikaja mpaka hapa kwetu, kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi, nayo ikakataliwa mwezi wa Oktoba 2025. Watu wa Lamu walikuwa na haki ya kuogopa. Tani milioni 3 za makaa, zikiwa na sehemu moja katika kumi ya majivu, huacha tani 300,000 za majivu kila mwaka, na kwenda hewani hutoka zaidi ya tani milioni 6 za hewa ya kaboni. Mzigo ulioshuka kwenye treni haukutoweka. Umegeuka moshi na majivu, ukashukia watu wengine.

Sababu ya pili ni vifua vyetu wenyewe.

HESABU YA VUMBI

Wengine wetu tumewahi kupanga mabehewa ya makaa katika yadi moja ambayo hatutaitaja. Ulikuwa msimu wa kusi. Upepo ulipovuma, vumbi liliinuka toka mabehewani kama kundi la kunguru, likatuingia puani, masikioni, na katika chakula tulichofungiwa na wake zetu. Jioni tukitema mate, yalikuwa meusi. Tulikwenda kwa msimamizi kuomba vifuniko vya pua na maji ya kunyunyizia. Tukaambiwa ombi limesikiwa. Wiki iliyofuata kila mtu alipewa pakiti ya maziwa.

Tuliyanywa, maana maziwa ni chakula. Lakini maziwa huenda tumboni, na vumbi huenda mapafuni, na njia hizo mbili hazikutani. Tulikunywa miezi minne. Mwenzetu mmoja aliacha kazi kwa kikohozi. Alipoondoka hakuna aliyempima, wala hakuna karatasi iliyoandikwa kwamba vumbi lilikuwako. Leo akienda kudai, atadai kwa ushahidi gani?

Twalisimulia jambo hili kwa kuwa makaa, pamoja na ubaya wake, yana uungwana mmoja: vumbi lake laonekana. Mate meusi ni barua. Vumbi la urani halimwandikii mtu barua. Mionzi haina rangi, haina harufu, haina joto la kuonya mkono. Katika migodi ya urani kuna hewa iitwayo radoni, itokayo katika mawe yenyewe, nayo mtu huivuta asijue. Saratani ya mapafu huja baada ya miaka mingi, mgodi umekwisha fungwa na wenye mgodi wamekwisha rudi kwao. Kama kwa vumbi linaloonekana tulipewa maziwa, je, kwa lisiloonekana tutapewa nini?

HESABU YA MGODI

Sasa turudi kwenye lile nusu behewa. Tulisema kinu hula tani 25 kwa mwaka. Lakini ili kupata tani hizo 25 zilizotengenezwa, hutakiwa kama tani 200 za urani ya kawaida. Na urani haikai ardhini peke yake kama viazi. Katika machimbo mengi ya leo ni kidogo sana ndani ya jiwe. Tuseme jiwe lina sehemu 3 za urani katika sehemu 10,000. Kupata tani 200 yapasa kusaga karibu tani 670,000 za mawe, bila kuhesabu udongo na miamba iliyoondolewa juu ili kuyafikia.

Hayo ni mabehewa zaidi ya 11,000, ndugu zetu. Ila hayapandi treni. Husagwa pale pale mgodini, urani hutolewa kwa asidi au dawa nyingine, na tope lililobaki huachwa hapo, likiwa na sehemu kubwa ya mionzi iliyokuwamo katika jiwe. Sisi huku chini ya mnara wa umeme twaona nusu behewa. Mtu wa mgodini ndiye aliyebaki na treni nzima.

Wala si mbali. Katika Mkoa wa Ruvuma, kusini mwa Tanzania, mizigo yote miwili iko jirani. Wilaya ya Mbinga ina makaa ya Ngaka, na malori huyabeba njia nzima mpaka bandari ya Mtwara. Wilaya ya Namtumbo ina urani ya Mto Mkuju. Ili eneo hilo lichimbwe, mwaka 2012 mpaka wa pori la Selous, ambalo ni urithi wa dunia, ulisogezwa. Na mwezi wa Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio. Mwenzetu dereva wa lori la Ngaka, kila akitazama kioo, auona mzigo wake. Mwenzetu wa Mkuju hatauona wake. Ndiyo sababu huyu wa pili ahitaji chama zaidi.

Na tuwakumbuke wenzetu wa Katanga. Shinkolobwe, katika Kongo, palikuwa na urani nzuri kupita zote zilizojulikana wakati ule. Mawe mengine yalikuwa na zaidi ya nusu urani tupu. Mwaka 1940 bwana mkubwa wa kampuni ya mgodi, Edgar Sengier, aliagiza zaidi ya tani 1,000 zipelekwe New York. Zilipita kwa reli mpaka bandari ya Lobito, na watu kama sisi waliunganisha mabehewa, wakapiga filimbi. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililotupwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika mgodi ule. Waliochimba na waliopakia hawakuambiwa wamebeba nini. Mgodi ulifungwa, watu wakarudi kuchimba kwa mikono, na mwaka 2004 sehemu yake ikaporomoka na kuua watu. Reli ina sheria ya zamani: behewa halitoki yadini bila karatasi yake, isemayo mzigo ni nini, watoka wapi, waenda wapi. Kwa Shinkolobwe karatasi ilikuwako, lakini aliyebeba hakusomewa.

TUSIMWONEE MTU

Hatupendi kusema upande mmoja tu. Wataalamu waliohesabu vifo kwa kila kipimo cha umeme husema kwamba makaa yameua watu wengi mno kuliko nyuklia, kwa moshi wake na kwa migodi yake, hata ukihesabu ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 na ya Fukushima ya mwaka 2011. Twalikubali hilo. Anayewaambia kwamba makaa ni salama kwa kuwa ni ya zamani, awapoteza.

Lakini pia yako mambo matatu ambayo mizani ya stesheni haiyapimi. Mafuta ya kinu yaliyokwisha tumika ni tani zile zile 25 kwa mwaka, nazo hubaki na hatari kwa maelfu ya miaka. Ufini imechimba ghala lake katika mwamba, zaidi ya mita 400 chini. Nchi ambayo haijachimba lake na iseme wazi itaweka wapi. Pili, katika joto la kinu ni theluthi moja tu hivi igeukayo umeme. Kikijengwa pwani, joto lililobaki huingia baharini pamoja na maji ya kupozea, na ninyi wavuvi mwajua kuliko mhandisi yeyote jinsi samaki wa Mida wanavyozaliwa katika mikoko. Tatu, ajali ya nyuklia huja mara chache, lakini ikija huhamisha miji mizima.

Wala hatukubali kwamba njia ni mbili tu. Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa ardhini umetoa umeme tangu mwaka 1981, bila treni ya makaa na bila kidonge cha urani. Nao huko pia wako wafanya kazi na wenyeji wenye madai yao. Hakuna mzigo usio na mbebaji.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo, ndugu Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo haya, yapelekwe kwa wakubwa, na nakala zipelekwe kwa wenzetu wa Siaya.

1. Atakayeleta kituo chochote, cha makaa au cha nyuklia, alete hesabu ya mzigo wote toka mgodini mpaka taka, kwa Kiswahili, na isomwe barazani kabla mpima ardhi hajapiga kigingi cha kwanza.

2. Kila mfanya kazi atakayekuwa karibu na mionzi apewe kipimo cha kuvaa kifuani, na kila mwezi asomewe hesabu yake mwenyewe. Mapatano Namba 115 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1960, yahusu kinga hiyo, na kipimo kinachoshauriwa na wataalamu ni milisivati 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano. Hesabu ni ya mfanya kazi. Haifai kufungiwa kabatini.

3. Mfanya kazi apimwe kifua siku ya kuingia, kila mwaka, na siku ya kutoka. Na apimwe hata baada ya kutoka, kwa gharama ya aliyemwajiri. Karatasi apewe mkononi.

4. Kwa vumbi la namna yoyote tupewe vifuniko vya pua, maji ya kunyunyizia na hewa safi. Maziwa twaweza kununua wenyewe.

5. Wavuvi na wakulima wakae mezani tangu mwanzo, si kuitwa mwisho kuonyeshwa picha. Haikufaa mtu apigwe kwa kuuliza swali katika kijiji chake.

Ndugu zetu, wale watu watatu wa kibandani wote walikuwa na haki ya kusema. Wa kwanza alisema kweli juu ya tanuru. Wa pili alikosea hesabu, lakini alikuwa na haki ya kutoamini kila asikialo. Wa tatu ndiye aliyeuliza swali la mbebaji. Kesho mtu akiwaambieni kwamba mzigo ni mdogo, msibishane naye. Mwambieni, naam, ni mdogo hapa. Kisha mwulizeni sehemu kubwa ameiacha kwa nani.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.